Mwalimu Yoakimu Ajizatiti

Jumatatu, 4 Julai 1983. Nangwa
Leo darasa la watu wazima limenivulia kofia! Neno nililitoa redioni: kujizatiti kijeshi. Nikaeleza: nchi kukusanya silaha na askari mapema, kabla ya vita, adui akiona aogope. Mfano: "Taifa lile limejizatiti mpakani." Genoveva, mwanafunzi wangu mbishi, akauliza kama huyo adui akishaona atakaa tu. Nikamjibu hilo halimo kwenye somo.

Jumanne, 5 Julai
Somo bila vitendo ni kelele. Jirani yangu Theodory, dereva wa kombaini ya kuvunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, anadai kipande kilicho kati ya shamba lake na langu. Pale ndipo marehemu baba alinifundisha kushika jembe. Simwachii! Wazee wanakuja Jumamosi kuamua. Nimekata fimbo za mzeituni pori, nimezirundika uani upande anaouona Theodory. Mke wangu Efrazia aliuliza ni za nini. Nikamwambia najizatiti. Akaendelea kuchambua maharage.

Alhamisi, 7 Julai
Theodory karundika za kwake! Nikaongeza. Akaongeza. Nimekosa kufundisha, lakini rundo langu limepita paa la zizi. La kwake bado kidogo. Mwalimu ni mwalimu.

Ijumaa, 8 Julai
Nimetoka Katesh kununua chaki, nakuta uani kweupe! Efrazia na Zita, mke wa Theodory, wamechukua fimbo zote, zangu na zake, wakapikia pombe ya wazee. Pipa moja, moto mmoja! Nimefoka. Efrazia hata hakugeuka.
"Kesi haisikilizwi kwa koo kavu," alisema. "Ulitaka wazee wanywe fimbo?"

Jumamosi, 9 Julai
Wazee wamekunywa, wamebariki, wameamua. Kipande si changu wala si cha Theodory, ni njia ya ng'ombe wa kijiji kizima. Imeniuma sana. Theodory naye aliinamisha kichwa. Tulipewa kibuyu kimoja, tukanywa kwa zamu bila kutazamana.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya misa nimetafakari. Kumbe nimeshinda! Adui hana fimbo hata moja. Kosa langu lilikuwa dogo tu: silaha zangu zilikuwa za kuungua moto. Kwa hiyo leo nimeanza kukusanya mawe. Rundo limefika magotini, zuri ajabu. Theodory amesimama ng'ambo ya njia, ananitazama kwa woga mkubwa. Sasa ameinama. Ameokota moja.