Uvukizi wa Mawese Katika Stoo ya Bangwe

Ninayo heshima, kwa niaba ya Taasisi ya Viambata Asilia, Afya ya Binadamu na Rasilimali Endelevu, kuutangazia umma wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika kwamba utafiti wetu wa mawese umekamilika kwa mafanikio makubwa. Matokeo yameonekana mchana kweupe, mbele ya mgeni rasmi. Yapo maneno yanayozagaa sokoni Mwanga na kule mwaloni Kibirizi, zinakotua mitumbwi, kuhusu jinsi yalivyoonekana. Naomba wananchi wayapuuze mpaka wasikie upande wetu, kwa sababu mimi, Bonaventura, ndiye Afisa Habari na Itifaki wa Taasisi, na matokeo yenyewe niliyafunua kwa mikono yangu hii.

Taasisi yetu ipo Bangwe, kwenye jengo linalotazama ziwa, lenye choo cha wageni peke yao. Ilianzishwa ili kuchunguza vitu ambavyo wananchi wamekuwa wakivila bila utaratibu. Tulianza na mawese. Watu wa huku wanamkaanga mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, wanaunga maharage kwa mawese, na wengi wao wanazeeka wakiwa na macho mazima bila kutoa maelezo yoyote kwa mamlaka husika. Hali hii ya kula kitu chenye faida mwilini bila kujua jina la faida yenyewe ilimsikitisha sana Mkurugenzi wetu, Dokta Telesphory.

Dokta Telesphory ni mzaliwa wa Ujiji, ila alikwishaacha. Alisoma nje miaka mingi, akarudi na koo jipya. Siku aliyoripoti kazini alitutangazia kwamba mawese hayajapita kinywani mwake tangu aondoke na treni, na kwamba hata harufu yake inampa kiungulia. "Mimi ni mtu wa alizeti," alisema. Tukapiga makofi. Bosi akikwambia kitu fulani hali, hakuna haja ya kumchunguza.

Utafiti ukapangwa kitaalamu: Kundi la Walaji upande huu, Kundi la Wasiokula upande ule, kisha tulinganishe. Kundi la Walaji lilijaa kabla geti halijafunguliwa. Lile la pili ndilo lililotutoa jasho. Tulizunguka Mwanga nzima na kipaza sauti tukitafuta mtu asiyekula mawese. Mzee mmoja alituuliza kama tumeshapita makaburini. Hatimaye akapatikana Thobias, mpagazi wa Kibirizi, aliyekubali kuacha mawese kwa moyo mmoja aliposikia kwamba washiriki watalala bwenini kwenye magodoro mapya. Kesho yake nilimkuta nyuma ya bweni anajifuta mdomo.

"Thobias, umekula nini?"

"Dagaa, bosi."

"Wamekaangwa kwa nini?"

"Aa, hapo mi sikuuliza. Shemeji kaniletea sahani, nianze kuihoji? Si ataniona sina adabu! Huku kwetu sahani ikija unanawa, unakula, unashukuru."

Tuliandika kwamba mshiriki ameathiriwa na ukarimu, tukamwondoa. Waliomfuata waliathiriwa vilevile, maana Kigoma haina mtu asiye na shemeji. Ndipo Dokta Telesphory, kwa uzalendo mkubwa, akajitolea kuwa yeye mwenyewe Kundi la Wasiokula. Ni kweli alikuwa peke yake. Lakini alitueleza kwamba katika sayansi mtu mmoja mwenye msimamo anatosha.

Likabaki suala la rasilimali endelevu. Dokta alilichambua kwa kina. Rasilimali endelevu ni ile inayoendelea kuwepo. Kitu kikitumika kinapungua. Kwa hiyo namna pekee ya kukifanya kiwe endelevu ni kukifungia ndani. Tukawasha gari la Taasisi mpaka sokoni Mwanga, kwenye meza ya Mama Mwanvua, ambaye mawese yake yanasifika kwa kutokuungua kikaangoni. Tukabeba madumu yake yote kwa ajili ya kuyahifadhi, na tukamwachia cheti cha shukrani chenye fremu.

Mama Mwanvua hakukielewa cheti. Kesho yake asubuhi alikuwa getini kwetu amekalia dumu tupu.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia, maana itifaki haichagui.

"Marahaba. Mwakeye," aliongeza salamu ya Kiha. "Nimekuja kuchukua mawese yangu."

"Mama, mawese yako yamehifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo."

"Vizazi vijavyo vipi, wakati mimi hivi vilivyopo vinataka kula? Sikia, mwanangu. Meza ya Mwanga ikikaa tupu mpaka mwisho wa mwezi, soko linampa mtu mwingine. Ndivyo tulivyokubaliana wenyewe. Yule wa vitenge ameshaanza kuipima kwa kamba, nikiwa nimesimama pale pale! Miaka yote nimekaa pale. Nikiikosa ile meza nakwenda wapi?"

Nilimwambia awe na subira. Nilimwonea huruma, sitaficha, na chai yangu siku hiyo haikushuka vizuri. Lakini huruma haikuwemo kwenye mpango kazi wa robo mwaka. Nikamwahidi kwamba suala lake litaingizwa kwenye mpango wa robo inayofuata.

Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, nao Dokta aliuvaa shingoni chini ya shati, kwa usalama wa Taifa. Kwa hiyo tulishtuka sana mlinzi wetu, Elikana, alipochungulia dirishani na kuripoti kwamba dumu la kwanza limeshuka hadi nusu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Dokta aliunda papo hapo Kamati ya Uvukizi, yeye mwenyekiti, mimi katibu, nasi tukabaini kwamba mawese yanageuka mvuke kutokana na upepo wa ziwa unaopenya kwenye tundu la ufunguo.

Elikana alinyoosha mkono. "Samahani, Dokta. Mbona chupa ya mama yangu ipo dirishani tangu masika na haijapungua?"

"Chupa ya mama yako," Dokta alimjibu kwa upole, "haijafanyiwa utafiti."

Kamati iliendelea kufuatilia. Ilionekana kwamba uvukizi huwa mkali zaidi saa za chakula cha mchana, hasa siku ambazo Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha faragha ofisini kwake na mlango umefungwa kwa ndani. Huambatana na sauti ya kuchachatika kama ya kikaangoni, na harufu ya kitunguu. Niliyaandika yote hayo kwenye ripoti kwa uaminifu, na Dokta akanisifu kwa lugha fasaha. Dumu la pili nalo likavukizwa.

Wakati huohuo sayansi haikulala. Kipimo kipya cha rangi ya ngozi kilituwezesha kugundua kwamba mtu anayekula mawese kupita kiasi viganja vyake hugeuka njano. Si ugonjwa. Ni kile kiambata chenyewe, kinachoyapa mawese wekundu wake, kinajitokeza kwenye ngozi, na mtu akipunguza kula kinafifia taratibu. Dokta alifurahi mno. Alitoa amri ibandikwe getini: kila anayeingia aonyeshe viganja, na mwenye viganja vya njano asiisogelee stoo, kwa kuwa anashukiwa kuwa na hamu.

Wa kwanza kuathirika na amri hiyo alikuwa Mama Mwanvua. Elikana alimtazama mikono, akatazama chini.

"Mama, sheria inasema usogee kule barabarani."

"Mikono yangu ya njano kwa kuwa ndiyo kazi yangu! Nakamua, naonja, napima!"

"Najua, mama. Ndiyo maana."

Akalihamishia dumu lake barabarani. Ilikuwa imebaki wiki moja mwezi uishe. Dokta, kwa upande wake, alianza kuvaa glavu nyeupe ili kutunza usafi wa maabara. Alizivaa akisaini, akinywa chai, na hata akisalimiana na sheikh na padri. Mimi niliona ni mfano wa kuigwa, nikaagiza za wafanyakazi wote, bahati mbaya hazikufika.

Siku ya kuzindua matokeo ikawadia, nayo ilikuwa ya mwisho ya mwezi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Catherine, alitoka Dodoma. Hema lilisimikwa, ngoma ikapigwa, watu wakajaa kutoka Bangwe, Mwanga na Ujiji, na Mama Mwanvua akapenya akakaa mstari wa mbele, kwa kuwa amri ya viganja iliwekwa kando ili tusibaki na hema tupu. Dokta Telesphory alihutubia vizuri ajabu. Alisema mdomo unaweza kusema uongo, jirani anaweza kusema uongo, ila kiganja hakisemi uongo. Walaji wakapita mmoja mmoja, wakaweka mikono juu ya kipimo, na kipimo kikaonyesha njano ya wastani, njano ya kutosha, njano ya mwenye shamba.

Mheshimiwa Catherine ni mama asiyependa maneno mengi. Aliangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Hawa wanaokula nimewaona. Nionyesheni sasa asiyekula, nilinganishe."

Dokta akaanza kukohoa. Nilihisi fahari inanipanda mpaka kooni. Nikakamata kipaza sauti.

"Mheshimiwa! Asiyekula yupo mmoja tu mkoa mzima, naye ni Mkurugenzi wetu mwenyewe!"

Vigelegele. Dokta alinitazama kwa jicho ambalo wakati ule nililiona ni la shukrani.

"Haya, Dokta, vua glavu," alisema Mheshimiwa.

"Hizi ni za usalama, Mheshimiwa."

"Usalama wa nani?"

Dokta aliirudisha mikono nyuma ya mgongo. Nikajua aibu inamzuia kujivuna mbele za watu, maana ni mtu mnyenyekevu. Nikamshika mkono wa kulia, nikavuta glavu. Nikamshika wa kushoto, nikavuta.

Nimeona viazi lishe vilivyomenywa, lakini vile viganja vilikuwa na rangi zaidi. Tulipoviweka juu ya kipimo, kipimo kilitoa mlio, kikafikiri kwa muda, kisha kikaandika kwamba kilichowekwa si mkono, tafadhali weka mkono.

"Oyaa!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe dokta ni alizeti kweli, muone alivyochanua!"

Hema zima likaangua kicheko. Dokta akanyanyua mikono yote miwili kutuliza watu, jambo ambalo halikusaidia.

"Ni uvukizi!" alisema. "Ripoti ya Kamati ipo! Mvuke umeenea hewani, mimi nimeuvuta tu!"

"Umeuvuta na ugali?" aliuliza Mheshimiwa.

Basi mabega ya Dokta yakashuka. Alitazama meza, akatazama watu wa Ujiji waliomjua tangu mdogo, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

"Mgebuka wa alizeti haliki, Mheshimiwa. Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Siku tuliyoleta yale madumu nilifungua moja ili nilinuse tu, kwa ajili ya sayansi, nikamkumbuka marehemu mama. Sikuweza tena kuacha. Na nilikuwa nimeshawaambia watu sili!"

Nakiri kwamba hapo hata mimi nilimpenda Mkurugenzi wetu kuliko siku zote. Watu nao waliacha kucheka. Mama Mwanvua ndiye aliyesimama.

"Ungesema tu, mwanangu. Ningekujazia chupa, ungekula ukashiba, wala nisingekudai. Ona sasa, unanifungia mali yangu, unanikimbiza getini kwa mikono ya njano, kumbe yako inanishinda! Chupa sawa. Lakini madumu mawili, Telesphory? Peke yako?"

Mheshimiwa Catherine alitoa uamuzi hapohapo, akiwa amesimama. Kwanza, amri ya viganja ni nzuri na itekelezwe kama ilivyobandikwa: mwenye njano asisogelee stoo. Ufunguo ukatoka shingoni kwa Dokta. Pili, mawese yaliyosalia yarudi Mwanga leo hii, mwenye meza akae mezani pake. Tatu, aliuliza ni nani aliyeandika ripoti ya uvukizi. Nilinyoosha mkono kwa furaha, nikidhani ni tuzo. Nikakabidhiwa mkokoteni.

"Na hayo madumu mawili yaliyovukizwa?" Mama Mwanvua alikumbusha.

"Kinachopanda hewani lazima kinyeshe," alisema Mheshimiwa. "Dokta ndiye mtaalamu. Atayanyesha mwenyewe, kwa mikono yake, pale kwako."

Mkokoteni niliusukuma kutoka Bangwe hadi Mwanga, kwenye kile kilima mnachokijua, huku vijana wakiniuliza kama mzigo haujaanza kuvukizwa. Tulifika yule wa vitenge akiwa ameshatandika mali yake mezani. Mama Mwanvua alishusha dumu moja katikati ya vitenge, na lilivyokuwa linachuruzika pembeni, mwenye vitenge alivikusanya haraka sana. Wateja walikuwa wameshapanga foleni na chupa zao.

Kwa hiyo Taasisi inapenda kuufahamisha umma kwamba Mkurugenzi hajafukuzwa. Yuko kwenye awamu ya pili ya utafiti, ile ya vitendo. Kila asubuhi anaonekana nyuma ya nyumba ya Mama Mwanvua, glavu hana, tai ameitundika kwenye mti wa mpera, anachemsha chikichi, anatwanga na kukamua mpaka madumu mawili yajae. Makubaliano ni kwamba yakijaa tu, yuko huru kurudi ofisini. Chakula cha mchana anapewa hapohapo, mgebuka na ugali wa muhogo, na ziwa analiona kwa mbali. Amenenepa kidogo.

Jana nilimpelekea nyaraka za kusaini. Nilimkuta Mama Mwanvua ameinamia dumu la kwanza, anapima kwa kijiti.

"Telesphory," alisema, "juzi lilifika hapa. Leo limeshuka."

Dokta alimeza alichokuwa anatafuna, akajipangusa ndevu kwa kiganja.

"Ni uvukizi, mama."

"Ehee," alisema Mama Mwanvua, akimsogezea kinu. "Basi twanga."