Miwani ya Mwenyekiti na Chipsi Kuku Zangu

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, nikiwa nimeshika mfuko wa chipsi kuku. Nawaandikia haraka ili mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia kwa Mama Shukuru.

Kwa wale msionijua vizuri: mimi ni mtu mzima. Nina miaka hamsini na moja, mke, binti mmoja anayeitwa Neema, na shahada ya fasihi. (Shahada hiyo ndiyo chanzo cha yote. Chuo kikuu walinifundisha kwamba hakuna kitu kwenye hadithi kinachowekwa bure, nami nikaamini mpaka leo saa saba mchana.) Naandika makala magazetini nafasi ikipatikana. Isipopatikana, nachambua Kata Yetu Tukufu.

Kata Yetu Tukufu ni ile komedi ya kila Jumatano saa mbili usiku, inayomhusu Diwani Mkupuo, mheshimiwa wa kata isiyo na maji wala barabara, ila ina mabango matatu yenye picha yake. Watu wa kawaida wanaitazama wacheke. Sisi wa grupu la Wachambuzi wa Kata tunaitazama ili tujue nani anataka nini na anakificha wapi. Humo ndani naitwa Profesa. Jina hilo nilipewa na wanachama. (Nilijipa mwenyewe.)

Mchango wangu mkubwa kwenye grupu ni Nadharia ya Miwani. Mwananchi akiingia kwa Diwani Mkupuo na karatasi yake, Diwani huipokea, huvua miwani, huitazama karatasi, kisha humwambia, "Kaa nje kidogo." Nimerudia vipindi vyote. Kila anapovua miwani, tukio linalofuata yuko mezani anatafuna. Nikahitimisha: Diwani akivua miwani, anaomba kulishwa bila kufungua mdomo.

Wiki iliyopita mwanachama mmoja anayejiita Mtazamaji Mtulivu akauliza, "Profesa, haiwezekani ni macho yake tu yanamsumbua?"

Nilimjibu kwa aya nane. Nilimwambia huo ni uvivu wa fikra. Nikamwekea na mfano hai: hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa wetu huku Mbagala ana tabia hiyohiyo, mzee yule akivua miwani ujue tumbo limemwita.

Mtazamaji Mtulivu akaandika, "Asante, Profesa. Endelea, najifunza."

Nikaendelea. (Mungu anisamehe, niliendelea mpaka saa ya kulala.)

Sasa leo. Neema amepata nafasi chuo cha uuguzi kule Temeke. Kila kitu kimekamilika isipokuwa barua ya utambulisho, ile ambayo mwenyekiti wa mtaa anaandika kwamba anamfahamu mwombaji, ni mkazi wake na ana tabia njema. Mwisho wa kupokea fomu ni leo saa tisa alasiri. Asiyekamilisha, nafasi yake anapewa aliye kwenye orodha ya akiba. Barua nilikabidhiwa mimi niifuatilie tangu Jumatatu. Jumatatu nilisema Jumanne. Jumanne nilisema kesho. Jumatano, kama mnavyojua, kuna kipindi.

Asubuhi mke wangu alinikuta kwenye meza ya chakula, kalamu mkononi.

"Baba Neema, hiyo ndiyo barua ya mtoto?"

"Ni uchambuzi wa jana. Bi Subira, yule karani wa Diwani Mkupuo, kauficha mhuri wa kata kwenye pochi, na hakuna mtu anajiuliza kwa nini."

"Mtu wa kwenye runinga umemwandikia kurasa nne. Mwanao wa kumzaa unashindwa kumfuatilia karatasi moja?"

Nilitoka bila chai. Neema naye akatangulia Temeke kushika foleni. Tulikubaliana nikiipata tu barua, napanda bodaboda namfuata.

Saa tano na nusu nimefika ofisi ya mtaa. Benchi limejaa. Nikabanwa pembeni ya Mama Shukuru, yule muuza vitumbua wa karibu na msikiti, aliyekuwa anamsimulia jirani yake kipindi cha jana. Nikajizuia. Nikaangalia ukutani. Kuna bango: HUDUMA ZOTE HAPA NI BURE. Nikalisoma mara mbili. Mama Shukuru akaendelea.

"Bi Subira kauchukua ule mhuri kwa mapenzi. Anampenda Diwani yule. Anataka kila karatasi impeleke kwake."

Nikashindwa. "Dada yangu, samahani. Mapenzi hayapo hapo. Bi Subira anataka kugombea udiwani."

"We nani kakwambia?"

"Kiatu. Kipindi cha tatu alivaa kandambili. Jana kavaa kiatu cha kisigino. Mtu habadilishi kiatu bure."

"Kandambili zilikatika, baba! Si alionekana anazishona na waya?"

"Hilo ndilo wanalotaka tuamini."

Benchi zima likanigeukia. Nilijisikia vizuri sana. (Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza.) Nikawapa na Nadharia ya Miwani, yote, na mikono ikisaidia, mbele ya dirisha la ofisi lililokuwa wazi.

Saa sita na nusu nikaitwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, ni mtu mpole, kofia nyeupe, sauti ya chini. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza shida ya Neema. Akaipokea nakala ya fomu ya chuo niliyokuja nayo.

Akavua miwani.

Akaisogeza fomu karibu na uso, akaisoma taratibu, akaguna, akaniangalia kama mtu anayetafuta neno.

"Ina haraka sana hii, Baba Neema?"

"Sana, mwenyekiti. Saa tisa wanafunga."

"Kaa nje kidogo."

Jamani! Neno kwa neno! Nilitoka miguu haigusi chini. Mtu mwingine angewaza kwamba mzee anataka kuangalia jina kwenye daftari la wakazi. Mimi sikuwaza hivyo. Mimi nilitoa simu nikaandika kwenye grupu: "Wadau, niko ofisi ya mtaa wangu SASA HIVI. Miwani imevuliwa. Nimeambiwa nikae nje kidogo. Nadharia imethibitika!"

Ndani ya ofisi simu ikalia, tii. Sikuijali. Simu za watu zinalia.

Mtazamaji Mtulivu akajibu hapohapo. "Hongera, Profesa. Sasa utafanyaje?"

"Nampelekea chakula."

Tii, ndani.

"Chakula gani?"

"Chipsi kuku. Na soda baridi."

Tii.

"Haya. Tunakusubiri."

Ile "tunakusubiri" niliiona ni ukarimu. Wakati huohuo Neema akapiga. "Baba, mbele yangu wamebaki watu wachache. Umeipata?"

"Mwanangu, naijua njia. Nipe nusu saa."

"Njia gani tena? Baba, ni barua tu!"

Nikakata. Kibanda cha chipsi kiko ng'ambo ya barabara. Nikamwambia kaka muuzaji aweke paja, aweke kachumbari, aweke na pilipili pembeni maana sijui mheshimiwa anapendaje. Nikarudi na mfuko unatoa moshi, na soda inatoa jasho. Benchi likanusa. Mama Shukuru akanusa zaidi ya wote.

"Baba, unakula ofisini?"

"Sio changu," nikamwambia, nikamkonyeza.

Nikabisha hodi, nikaingia, nikauweka mfuko juu ya meza, katikati kabisa, juu ya daftari la wakazi. Mzee Athumani akautazama mfuko. Akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Nimekuelewa, mwenyekiti."

"Umenielewa nini?"

"Nimekuelewa tu," nikasema, tena kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya kwenye kipindi. "Karibu, kula kwanza. Barua itafuata."

Akasema, pole pole, "Baba Neema, leo ni Alhamisi. Mie Alhamisi nafunga."

Nilitamani sakafu ipasuke. Ikakataa. Mzee akasimama, akaufungua mlango wazi, akaita nje.

"Jamani, hebu sogeeni. Kuna mgeni hapa ni mtaalamu. Anajua mtu anataka nini hata kabla mwenyewe hajataka."

Wakasogea wote. Mama Shukuru mbele. Mzee akatoa simu yake mfukoni, akavua miwani, akaisogeza simu karibu na pua, akaanza kusoma kwa sauti yake ileile ya chini, kama yuko msikitini:

"'Ndugu Mtazamaji Mtulivu, huo ni uvivu wa fikra. Mzee wetu huku Mbagala, akivua miwani, ujue tumbo limemwita.'"

Kuku anatoa harufu.

"Mwenyekiti," nikasema, "kumbe ni wewe?"

"Ndiye mimi. Mwalimu wangu hakunijua."

Mama Shukuru akapiga kofi. "Haa! Kumbe Profesa wa kwenye grupu ndo wewe? Pale benchi nilijua unamwigiza tu! Mie kila siku nasoma, nikadhani ni mtu wa maana!"

"Mie," akasema Mzee Athumani, "sioni vya mbali. Vya karibu naviona vizuri bila miwani. Miaka kumi na tano sasa. Niliuliza mle kwenye grupu kwa adabu kabisa, nikapewa aya nane."

"Na simu ilikuwa inalia humu ndani," nikasema, maana akili ndiyo kwanza ilikuwa inawasili.

"Ilikuwa inalia. Nikasema ngoja nione kama kweli ataleta. Ukanitajia mpaka soda."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini barazani. Nikajaribu kutetea hata kidogo. "Lakini mbona uliniambia nikae nje?"

Akalifungua daftari, akanionyesha kwa kidole. "Nilikuwa namtafuta mwanao. Hayumo. Tulipoandikisha upya, kila nyumba ilileta majina. Nyumba yako umejiandika peke yako."

Hapo kicheko kilikatika, kwangu angalau. Saa saba na dakika ishirini. Kama Neema hayumo kwenye daftari, mwenyekiti hawezi kuandika kwamba ni mkazi wake. Nikaona kitanda chake cha bweni anapewa mtu wa akiba, kwa sababu baba yake siku ya kuandikisha alikuwa na haraka ya kurudi kutazama marudio. (Ndiyo. Ilikuwa Jumamosi. Marudio huwa Jumamosi.)

"Mzee wangu," nikasema, na safari hii sikuigiza, "mimi nicheke, niseme, nifukuze kwenye grupu. Mtoto hana kosa. Amesoma usiku na mchana kuipata nafasi hii. Nisaidie."

Mzee Athumani akaugeukia umati mlangoni. "Taratibu inasema mtu akiwa hayumo, majirani wawili wamdhamini. Nani anamjua binti wa huyu bwana?"

Mama Shukuru akanyoosha mkono kabla sijapumua. "Neema? Namjua tangu anatumwa vitumbua na sahani ya bluu. Anaamkia kila mtu. Tena ndiye aliyemkimbiza mama yangu zahanati siku presha imepanda. Andika jina langu."

Yule aliyekuwa amekaa barazani naye akainuka, anafuta machozi. "Andika na mie. Baba yake ndo simuelewi."

Wakasaini. Mzee akaandika barua kwa mkono, kwa utulivu wa kuniua, akagonga mhuri, akatia kwenye bahasha, akailamba ili aifunge, kisha akakumbuka yuko kwenye swaumu, akaomba msamaha kwa Mungu, akamalizia kwa gundi. Chipsi kuku akawagawia wa benchi. Niliondoka nikimsikia Mama Shukuru akisema pilipili imekaa vizuri.

Bodaboda ilinifikisha Temeke saa nane na dakika hamsini. Neema alikuwa dirishani, nyuma yake hakuna mtu. Akanipokonya bahasha bila salamu, akamkabidhi karani, dada mmoja aliyechoka kuliko sote. Karani akaichana, akasoma. Akarudia kusoma. Mabega yakaanza kumtikisika. Akasukuma karatasi ili Neema athibitishe jina lake, nami nikachungulia.

"Ninamfahamu Neema kuwa mkazi wa mtaa wangu. Ni binti mkweli, mpole na mwenye kusaidia watu, na majirani wamemshuhudia. Baba yake pia ninamfahamu. Ninaomba binti asihukumiwe kwa ajili yake."

Neema akanigeukia. "Baba. Umefanya nini huko?"

"Barua si imepatikana?"

Karani akagonga IMEPOKELEWA, akaichomeka barua kwenye faili, na kuniambia barua hiyo inabaki humo mpaka binti ahitimu. Ni miaka mitatu. Neema hajanisemesha tangu Temeke, ila tulipofika nyumbani nilimsikia jikoni na mama yake, na hawakuwa wanalia.

Basi, ndugu zangu, Neema ameingia chuo. Mkimwona mpeni hongera. Mkiniona mimi, piteni kama hamnijui, na tafadhali msijiulize kwa nini natembea haraka. Natembea haraka tu.