Mtu Asiye na Pua wa Bishnupur

Jumatano, 6 Desemba

Nimeamua. Mwenyekiti mpya wa Chama cha Matembezi ya Asubuhi, hapa Chuchura, nitakuwa mimi, Paritosh Samaddar, mstaafu wa idara ya maji, miaka sitini na moja, magoti bado mazima. Kura ni Jumapili, tukirudi kutoka safari ya Bishnupur, mji wa mahekalu ya kale. Mpinzani ni mmoja: Haradhan, mwalimu mstaafu wa jiografia, asiyeweza kupita mfereji bila kutueleza unakotoka.

Leo nimepata silaha. Mama Nihar, miaka themanini na miwili, ambaye akiinua mkono wanawake watano huinua naye, anakuja kwa sababu moja tu. Alizaliwa kijijini karibu na Bishnupur. Palikuwa na hekalu dogo kando ya bwawa, na ukutani kigae cha udongo wa kuchoma: bata bukini wawili na mtu asiye na pua. Kila asubuhi alimgusa pale pua ilipokuwa. Alihamishwa akiwa na miaka saba. Jina la kijiji hajui. Kwao waliita nyumbani tu.

Haradhan akaanza kuuliza bwawa lilikuwa upande gani. Nikamkata kauli. Nikasema hekalu hilo nalijua vizuri sana.

Silijui. Lakini leo ni Jumatano tu!

Alhamisi, 7 Desemba

Treni. Watu kumi na wawili, vikapu ishirini. Mke wangu Shefali aliomba kukaa dirishani, maana hajasafiri miaka tisa. Dirisha nikampa Mama Nihar. Siasa ni siasa.

Bishnupur baridi. Nimevaa kofia ya sufu hadi kidevuni. Kwenye lile jengo kubwa la Rasmancha nikawaeleza wenzangu kwamba wafalme walifugia tembo humo. Mlinzi akacheka hadi akakaa chini. Haradhan akasema kwa upole (upole wake unaniudhi kuliko matusi) kwamba humo ndimo walimoweka sanamu za miungu wakati wa sikukuu.

Mchana nikawatoroka. Bajaji ya betri, mahekalu manne, vigae maelfu. Wasio na pua, mamia! Bata bukini, makundi kwa makundi! Wawili na mtu wao, hakuna.

Mama Nihar akauliza kama tunaenda kesho. Nikasema keshokutwa, barabara inatengenezwa.

Ijumaa, 8 Desemba

Wazo kubwa la maisha yangu! Kigae kisipopatikana, kitapatikana.

Nikajifanya tumbo linauma, wenzangu wakaenda kutembea. Nikamfuata mfinyanzi pembeni mwa mji. Alikuwa na vigae vya kupambia kuta za hoteli, kimoja cha mwindaji na bata bukini wawili. Nikamwomba amtoe mwindaji pua. Akakataa katakata. Kwao ni wafinyanzi tangu babu wa babu, na hakuna mtu aliyetoka mikononi mwao na kasoro.

Nikanunua vitatu, pamoja na nyundo. Cha kwanza, kichwa chote kiliruka. Cha pili, kichwa na bata mmoja. Cha tatu, pua peke yake! Safi kama ya daktari. Nikakipaka tope, nikakilaza ndani ya chai nyeusi kikazeeka.

Shefali akarudi anacheka. Anasema Haradhan amewaonyesha kwenye ukuta wa hekalu wanawake wanaopiga ngoma, farasi, na mashua iliyojaa wapiga makasia. Nimeandika: adui sasa anafanya kampeni nyumbani kwangu.

Jumamosi, 9 Desemba

Siku yenyewe. Alfajiri nilikuwa nimeshapata hekalu bovu kando ya bwawa, nusu saa kutoka mjini. Nikakibandika kigae kwenye tundu, kimo cha mtoto, kwa udongo mbichi. Saa tatu nikawaleta wote kwa bajaji tatu. Nikanyoosha mkono kama waziri anayefungua daraja.

Mama Nihar akainama. Akagusa. Kisha akanusa kidole.

“Mwanangu,” akasema, “huyu mtu ananuka chai.”

Nikasema ni unyevunyevu wa bwawa. Hapo kigae kikaanza kuteleza. Polepole! Nilikiona kabisa kinakuja, nikashindwa kuinua hata mkono. Kikamwangukia Haradhan mguuni. Akaruka kwa mguu mmoja, akakiokota, akakigeuza. Nyuma pana muhuri: jina la mfinyanzi na namba yake ya simu.

Walicheka wote. Dereva mmoja alilazimika kushikilia bajaji yake. Mama Nihar hakucheka. Akaniuliza, “Kwa hiyo hulijui?”

Nikasema nilikuwa naelekea kulijua. Akageuka akatazama maji. Sikupenda alivyogeuka.

Wakati wote huo Shefali alikuwa chini bwawani, anapiga soga na wanawake waliokuwa wakisugua sufuria. Akapanda anahema. Mmoja wao ameolewa kijiji cha tatu kutoka hapo, na huko watoto humsugua mtu asiye na pua kabla ya mitihani.

Nikauliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba anaweza kuuliza watu. “Uliniuliza lini wewe?” akasema.

Tukaenda. Hekalu dogo, mnara mmoja, mbuzi mlangoni. Kigae kipo chini sana. Mama Nihar alikitafuta juu zaidi, kumbe ni yeye aliyekua. Wenzetu wawili wakamshika, akachuchumaa, akaweka kidole. Pale mahali pa pua pamekuwa shimo laini kwa kuguswa.

“Kumbe bado upo, mzee,” akamwambia.

Akakaa pale mpaka mbuzi wakamzoea. Akaomba bisi za mchele na pilipili mbichi, akala kama msichana. Shefali alilia. Mimi niliingiwa na vumbi, macho yote mawili. Haradhan hakutaja mto wowote kwa robo saa nzima.

Jumapili, 10 Desemba

Kura zimepigwa humo humo kwenye treni, ndani ya kofia yangu. Mama Nihar alimpendekeza Shefali, ambaye hata hakugombea. Shefali nane. Haradhan tatu. Samaddar moja.

Nikamuuliza mke wangu kura yake ilikwenda wapi. “Kwa Haradhan,” akasema. “Wewe ungeshinda ungetupeleka wapi?” Alikuwa amekaa dirishani.

Jumatatu, 11 Desemba

Uamuzi wa kwanza wa mwenyekiti: safari zote kuanzia sasa ataandaa Haradhan. Vizuri! Sina kinyongo. Jioni hii nimeanzisha Chama cha Matembezi ya Jioni. Mwanachama mmoja.

Sokoni nikakutana na Tarapada, yule aliyekuwa na duka la dawa. Akanisimulia kwamba babu yake alitoka mahali fulani karibu na Bankura, penye hekalu la mawe na farasi mlangoni, na laiti angepajua. Nikamwambia asihangaike, hekalu hilo nimelizunguka mara tatu kwa miguu yangu. Akajiunga palepale.

Sasa tuko wawili. Uchaguzi Ijumaa. Na kwa jinsi alivyonishika mkono, nina wasiwasi naye: anautaka uenyekiti.