Marehemu Aliyelalamikia Suruali

Hakuna Mtanzania katika jimbo zima la Texas aliyewahi kupokewa kwa heshima kubwa kuliko Gaudence. Alipokewa kwa kwaya, kwa shada la maua na kwa wabebaji sita wenye glavu nyeupe! Tatizo ni kwamba heshima hizo hazikuwa zake.

Mwaka 2003 kaka yake, Isack, alifariki hospitalini Houston. Alikuwa mtu mpole, na wosia wake ulikuwa mfupi: mwili uchomwe, majivu yakazikwe Karagwe kando ya mama yake, na pasiwe na makelele. Mjane wake, Bertila, aliapa kuutimiza.

"Shemeji, niachie mimi," Gaudence akamwambia. "Marekani hii naijua nje ndani!"

Kwa simu akachagua huduma ya kuchoma maiti ya bei nafuu kuliko zote, maelezo hakuyasikiliza. Kisha akawatangazia waombolezaji wa Garland, mji anaoishi yeye, mwendo wa saa nne kutoka Houston, kwamba Jumamosi saa kumi mwili utafika, watu wauage.

"Si utakuwa umechomwa?" akauliza Lydiah, kiongozi wa kwaya.

"Mama, moto wa huku ni wa kisasa! Unampitia mtu kama pasi inavyopitia shati. Sura inabaki."

Hakuna aliyebisha. Gaudence alikuwa ametaja "teknolojia" mara nne.

Jumamosi akakodi gari la maiti, refu kama sala ya askofu, likiendeshwa na Otieno, Mkenya wa mji jirani wa Cedar Hill. Houston, kwenye nyumba ya kuchomea maiti, walimkuta Bertila akiwasubiri. Mhudumu akawakabidhi kisanduku kidogo kuliko redio.

Gaudence akakitazama. Akachungulia nyuma ya mhudumu.

"Na kaka yangu mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Isack alikuwa na kilo mia moja na kumi! Mmetupunja! Leteni mzani!"

"Shemeji," akasema Bertila, "funga mdomo."

Akaketi mbele, kisanduku mapajani, mkanda mmoja ukiwafunga wote wawili.

"Boss," akasema Otieno, "hii gari iko na viti mbili tu. Lakini huko nyuma kuna nafasi, tena ya kujinyoosha."

Gaudence akajilaza mahali pa jeneza, ndani ya suti yake nyeusi. Simu ya kuwatahadharisha watu wa Garland hakupiga, angeanzia wapi? Kabla ya kufika Corsicana, mji wa njiani, usingizi ulikuwa umemchukua.

Garland, gari liliposimama, wabebaji hawakungoja salamu. Wakafungua mlango wa nyuma: viatu viwili vimeelekea juu, uso umetulia.

"Jamani, kweli sura imebaki!" Lydiah akalia. "Ila moto umemfananisha na mdogo wake!"

Kwaya ikapaza sauti. Wabebaji wakamshika miguu, wakamvuta.

"Taratibu, jamani! Suruali!" akasema marehemu.

Kuhusu yaliyofuata, mashahidi wanahitilafiana. Wengine wanasema waimbaji wanne wa besi waliruka ua wa jirani; wengine wanasema watano. Wote wanakubaliana kwamba Lydiah ndiye aliyetangulia. Wabebaji walimwachia Gaudence, akatua kwa makalio juu ya shada.

Bertila akashuka bila haraka, akampita, akaingia ndani, akakiweka kisanduku mezani kando ya picha ya mumewe.

"Isack amefika," akasema, "bila makelele, kama alivyotaka."

Kisha akageukia mlangoni. Gaudence alikuwa ameinuka, anajipangusa, na utepe wa shada umemganda makalioni. Uliandikwa kwa herufi za dhahabu: PUMZIKA KWA AMANI.

"Nawe, shemeji," Bertila akamwambia, "fanya kama ulivyoandikiwa."