Prado ya Ami na Moshi wa Udi

Jumapili, 8 Desemba

Hili sijamwambia mtu, hata mama, hata Ashatu ninayekaa naye dawati moja: huwa naziamkia gari kabla ya kuzipiga picha. Ile Land Rover kuukuu inayolala karibu na soko la samaki naipa shikamoo kamili. Vitz za juzijuzi nazipa mambo tu. Ni kimoyomoyo, ila midomo inachezacheza. Mwenye Vitz mmoja ameshaniuliza kama nalisomea gari lake dua mbaya.

Watu siwawezi. Ukimwelekezea mtu simu anauliza inakwenda wapi hiyo, ngoja nivae vizuri, nionyeshe kwanza. Gari haiulizi. Inatulia, inang'aa, inakuacha uwe mjinga kwa amani.

Sasa habari kubwa! Ami Hamood, nduguye baba, kanunua Prado nyeupe. Binti yake, da Kulthum, anaolewa Jumamosi, na Prado ndiyo itakayompeleka kwa wakwe Mapinga. Ami katangaza sebuleni: atakayemletea picha bora ya Prado kabla ya Ijumaa jioni ndiye atakayepiga picha msafara wote wa arusi, tena atapanda gari la mbele. Gari la mbele! Nilitaka kupiga kigelegele. Nikakohoa.

Tatizo lina jina. Clever. Mtoto wa mwalimu Verdiana, jirani yetu. Ana kamera ya kweli, yenye mkanda wa shingoni. Mimi nina simu ya zamani ya mama. Clever kaniambia nisijali, kipaji hakinunuliwi dukani. Tena kwa huruma! Nitamkomesha.

Jumatatu, 9 Desemba

Mwalimu wangu wa mtandaoni (anafundisha kwa Kiingereza, anaongea kama anafukuzwa na mbwa) kasema gari hupendeza jua linapozama. Mwanga unakuwa wa dhahabu. Safi kabisa. Ila kwetu muda huo ni Magharibi, na msichana akionekana nje Magharibi mama anauliza kama ana miadi na majini. Nikamweleza habari za mwanga. Kasema mwanga uko ndani, kawashe taa.

Basi alfajiri! Jua ni lile lile, linapita mlango mwingine tu. Nina akili sana, sijui kwa nini hakuna anayeligundua hilo.

Jumanne, 10 Desemba

Aibu yangu! Aibu, aibu!

Mwalimu kasema gari kubwa lipigwe kutoka chini, lionekane kama simba. Kukipambazuka nikalala kifudifudi barabarani mbele ya tairi, na buibui langu jeusi, simu puani. Picha inakuja, inakuja... Nikasahau kuwa njia ile ndiyo ya kutokea msikitini. Wanaume wa mtaa mzima, wametoka kuswali, wakamkuta msichana kalala chini ya Prado. Mzee Abdullatif akapaza sauti: Inna lillahi, Hamood kaua! Ami akaapa wallahi hajaiwasha, ufunguo huu hapa, mfukoni.

Mtu wa kawaida angesimama. Mimi niliona haya kusimama. Nikazimia. Yaani nilijizimisha. Nikabebwa ndani kama gunia la mchele, nikasomewa, nikamiminiwa marashi hadi puani. Nilipoona imetosha nikafumbua jicho moja. Wa kwanza kumwona ni Clever, aliyekuwa akipita kwenye mbio zake za asubuhi, akaufuata umati ndani. Akainama, akaninong'oneza: lakini uliibonyeza?

Sikuibonyeza.

Alhamisi, 12 Desemba

Jana kutwa nimefungiwa ndani nanyweshwa uji wa mgonjwa. Wakati huo huo Ami kampeleka Clever Mbegani na Prado, Clever kaipiga kando ya maji, na Ami kaituma picha kwa ukoo wote mpaka Maskati. Nimeitazama. Ni nzuri. Inauma.

Nikarudi kwa mwalimu. Kasema wakubwa wanatumia mashine ya moshi. Mashine sina. Lakini hii ni nyumba ya arusi! Vyetezo kila pembe! Nikakusanya vitatu, makaa ya kutosha, udi wa da Kulthum kiasi, ubani bila kiasi. Kimoja chini ya bampa, viwili kwenye magurudumu. Weee! Prado ikaelea. Ikawa kama imeshuka mbinguni ikitafuta maegesho. Nikapiga, nikapiga, nikacheka peke yangu.

Mama akatoka. Nikajua nimekwisha. Kumbe machozi yanamlenga! Kasema kumbe mwanangu umekua, umewaza husuda, arusi hii ina macho mengi, na gari jipya halijafukizwa. Tena akanibusu. Ningesema ukweli, lakini nani anayakataa mabusu?

Hapo ndipo Bi Hajra alipopita. Bi Hajra ndiye mpishi wa pilau la arusi. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameisifia Prado mbele ya watu, gari jeupe kama tui, bila kusema mashallah. Akaona moshi. Akasimama. Akaukaza mtandio.

"Ndiyo mimi? Ndiyo mimi wa kufukiziwa?"

Mama akasema la, dada yangu. Bi Hajra akasema hapana, fukizeni, fukizeni hadi nyumbani kwangu, na pilau mkaupikishe huo moshi wenu.

Kasusa! Arusi keshokutwa, masufuria yake, mwiko wake, na kasusa. Da Kulthum analia. Watu wote wananitazama. Nimejificha chooni.

Ijumaa, 13 Desemba

Baada ya swala Ami kaniambia nisitaje picha wala msafara mpaka Bi Hajra arudi. Nikaenda. Hodi yangu ilikuwa ndogo hata kuku wake hakugeuka. Alipotoka nikasema yote kwa pumzi moja: si jicho, ni picha, si husuda, ni mwalimu wa mtandaoni, nisamehe, shikamoo.

Akasema lete nione. Akatazama muda mrefu, akivuta mdomo. Kisha: "Chuma kipendeze hivi, na mimi je?"

Tukarudi wote. Vyetezo vitatu. Bi Hajra na kanga mpya, kiuno kakiegemeza kwenye boneti, mkono mmoja hewani kama malkia anayekataa chai. Nikabonyeza. Yarabi! Sijawahi kupiga picha kama ile. Na alizungumza muda wote, wala sikufa.

Pilau limerudi!

Ami kaiona. Kakiri kuwa hajapata kuona picha bora ya Prado yake, ingawa Prado yenyewe ni taa moja tu inayochungulia nyuma ya Bi Hajra. Nimeshinda! Nikakohoa kwa furaha. Kisha kasema: lakini msafara ataupiga Clever. Bi Hajra kanitaka jikoni, wapishi wote wanataka moshi, na mwenye pilau ndiye mwenye arusi.

Jumapili, 15 Desemba

Jana nimepiga picha kila shangazi wa pwani hii. Nimefukizwa kama samaki wa moshi. Msafara nimeusikia honi tu. Clever alikuja kuonja pilau, akasema picha yangu ya Bi Hajra inaishinda yake ya Mbegani, nimfundishe. Nilimjibu kwa kukimbia.

Nimejifunza. Moshi basi! Moshi unaleta maneno. Kuanzia leo ni maji tu.

Prado imerudi jana usiku, imelala uani, na kesho asubuhi inawapeleka maharusi Tanga kupitia Msata. Leo ndiyo nafasi ya mwisho. Mwalimu kasema sakafu iliyolowa huonyesha gari kama kioo. Nimeingiza mpira wa maji uani, chini ya Prado, tangu kabla ya alasiri, na bwawa linajaa polepole, ndiyo maana nina wasaa wa kuandika. Nyumba kimya. Wageni wamejilalia sebuleni kwenye mazulia ya kukodi. Mambo yanakwenda vizuri mno.

Sasa mtu kapiga yowe. Mwingine anauliza nani anaoga hapa. Mama analitaja jina langu lote, mpaka la babu.

Nyayo zinakuja ukumbini, chwa, chwa, chwa. Chini ya godoro, maficho ya daftari hili, hapafai tena, pameshalowa. Ukurasa huu naufutika ndani ya foronya.

Lakini simu yangu iko wapi? Sebule nzima sasa hivi lazima inang'aa kama kioo.