Alama za Jiwe la Pimbi

Jumatatu, 4 Agosti
Ofisi inaanzisha klabu ya kupanda milima. Jumamosi tunaenda Jiwe la Pimbi, nyuma ya Ihumwa. Bosi wetu, Bi Mwanaidi, amesema atakayetufikisha kileleni ndiye mwenyekiti. Ludovick wa masjala akakohoa, akatukumbusha kwamba amezaliwa Rombo, chini ya Kilimanjaro. Hutukumbusha kila wiki. Nikasema jiwe lile mimi nalijua nje ndani. Sijawahi kuliona. Lakini uenyekiti nautaka! Miaka kumi na mmoja kazini, sijaongoza hata kamati ya chai.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeomba ruhusa ya jino. Nimekwenda Ihumwa na rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti. Kila penye kona nimechora X kubwa jiweni, ili Jumamosi nisipotee. Mshale una mistari mitatu, X miwili tu. Sehemu mbili nimepita kwa makalio. Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni aliuliza natoka ofisi gani. Nikasema ya serikali. Kwa nini nidanganye? Akaondoka mbio, hata kuni akaziacha. Watu wa huku wana heshima sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane, hakuna kazi. Joha, mke wangu, ameuliza viatu vimepata wapi rangi. Nikasema ni damu ya jino. Akavitazama viatu, akanitazama, akarudi jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilitangulia mbele kwa madaha. Penye X ya kwanza, kibanda kipya cha mabati. X ya pili, kaburi jipya, halina mtu. X ya tatu, mizabibu imechomekwa kwenye nyufa za mawe. Kiangazi hiki!

Juu kidogo walikaa watu kama sitini na Mzee Mazengo, mwenyekiti wa mtaa, amevaa koti. Akasema reli ilipopita, X zilikuja hivihivi kwenye nyumba za watu, na waliochelewa kujenga hawakuona fidia. Safari hii hawachelewi. Akauliza wapimaji ni akina nani. Mama wa kuni akaninyooshea kidole.

Bi Mwanaidi aliniuliza kama jino limepona. Aibu niliyoisikia! Ludovick akampa mzee shikamoo, akaeleza nusu saa kwamba hakuna mradi wowote. Hawakumwamini, ila walimpenda, wakampandisha kileleni na ofisi nzima. Ndiye mwenyekiti. Mimi nilibaki chini nikisugua X kwa mafuta ya taa.

Jumapili, 10 Agosti
Mwili wote unauma. Nimewaza sana. Watu sitini wenye akili zao hawawezi kupanda zabibu kwenye mawe bure. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na yule Ludovick, mbona alikana kwa nguvu vile?

Alasiri nimerudi Ihumwa kimyakimya. Mama wa kuni ameniuzia kile kibanda cha mabati. Joha hajui bado. Tatizo ni moja tu, X yake niliisugua jana. Nimeichora upya, kubwa zaidi.