Sababu za Kuhama, Mistari Kumi

Redio ya Rachael ndiyo iliyotuchokoza. Tulikuwa tumetulia kwenye benchi la kibanda chake hapa Witeithie, chai ya saa tisa mkononi, mtangazaji akasema eti wanafunzi wengi wanaoanza uinjinia na sayansi huhama kabla ya mwaka wa tatu, na wataalamu bado wanatafuta sababu.

"Wanatafuta nini na sisi tuko hapa?" Sapu akafoka. "Si watume gari watuchukue!"

Sapu ni Gachau. Alisomea umeme miaka miwili kabla ya kuhama, akaifanya mitihani ya kurudia, yaani sapu, mpaka ikawa jina lake. Siku hizi ana boda boda. Kando yake alikaa Simiti, Musau kwa mamake, aliyeacha civil akasomea biashara, na sasa anauza simiti kwa hardware ya mjomba wake kule Ruiru. Mimi ni Kahiga, lakini hapa naitwa Boston. Niliacha mechanical nikasomea sosholojia. Kazi yangu ni kuwaandikia wanafunzi wa Marekani assignment zao kwa laptop, na karibu zote ni za mechanical. Thermodynamics niliyoikimbia ndiyo inayonilipia nyumba.

"Mimi nilifukuzwa na lekchara," Sapu akaendelea. "Yule mzee alikuwa anaandika na mkono wa kulia, anafuta na wa kushoto. Ukipiga chafya, umekosa topic mbili."

"Wacha uongo, buda," Simiti akasema. "Wewe ulikuwa unafika class watu wakitoka."

"Na wewe? Ulichora daraja, lekchara akauliza magari yatapita wapi!"

Simiti akakuna kichwa. "Aliuliza. Na hata mimi nilikuwa sijui."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Ubaya ni kwamba hapa kwetu cheo hutangulia mtihani. Barua ya chuo ikifika tu, pasta anamsimamisha mzazi kanisani, na kuanzia Jumapili hiyo yeye ni Mama Injinia. Rachael mwenye kibanda anaitwa hivyo kwa sababu ya binti yake Nyawira, aliye mwaka wa pili. Mamangu naye anaitwa hivyo mpaka leo. Juzi majirani waliniita nyumbani nikaangalie pampu ya kisima. Niliiangalia. Niliiangalia saa nzima, halafu nikawaambia wamwite fundi.

Kabla hatujamaliza kucheka, Nyawira mwenyewe akatokea, anahema.

"Sasa? Mum ako?"

"Ameenda kuleta maziwa," nikamjibu.

Akatoa karatasi kwenye begi. "Basi nisaidieni haraka. Nimepata nne kwa thelathini kwa mtihani wa CAT wa maths. Nahamia Commerce. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, na baada ya leo hawapokei fomu tena. Nimejaza kila mahali isipokuwa hapa."

Kidole chake kilikuwa chini ya maneno: Sababu za kuhama. Mistari kumi mitupu.

"Karibu nyumbani!" Sapu akapiga makofi, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Na Mum msimwambie. Ataanzia wapi kuambia watu wa kanisa? Nyinyi mliandika nini?"

"Mimi niliandika nimeitwa kutumikia jamii," Sapu akasema.

"Mimi niliandika macho," akasema Simiti. "Na hata miwani sijawahi kuvaa."

"Mimi niliandika nimegundua kipaji changu ni watu," nikasema.

Nyawira akanitazama. "Lakini wewe huongei na watu. Unaongea na laptop. Sasa ukweli ni upi?"

Sapu akainamia kikombe. "Ukweli? Nilianguka, nikaona aibu, nikahama."

"Tulikuwa room moja sisi watatu," Simiti akasema. "Sapu alipohama, nikakosa mtu wa kucopy hesabu. Nikamfuata."

"Na wewe, Boston?"

Swali hili sijawahi kulijibu, hata kwa mamangu. "Mimi nilikuwa napass," nikasema. "Maths nilipata sitini na moja."

Simiti akaweka kikombe chini. "Sitini na ngapi? Si ulituambia ulianguka!"

"Ningewaambia nini? Nyinyi mlikuwa mmehama. Niliogopa kubaki peke yangu na wale wasee wa kukaa mbele."

Iliniuma kusema hivyo, na iliniuma zaidi kuona haikuchukua hata dakika moja.

"Marafiki zangu Trizah na Mitchell walihama wiki jana," Nyawira akasema polepole. "Saa hii naketi peke yangu."

Sapu akapangusa mikono kwa suruali. "Hebu leta hilo swali lililokuangusha."

Nyawira akatoa karatasi ya CAT. Ilikuwa hesabu ya integration by parts. Sapu akampokonya kalamu, akavuta karatasi iliyokuwa karibu, akaanza.

"U ni hii," akasema.

"Si hiyo! Ni hii ingine!" Simiti akamsukuma.

"Toa mkono, muuza simiti!"

"Nyinyi wote hamjui," nikasema, na nikasahau kwamba mimi ni mtu wa sosholojia. Tukaandika, tukafuta, tukageuza karatasi tukaandika nyuma, kila mmoja akimtukana mwenzake. Mwisho tukapata jibu, Simiti akalipigia mistari miwili kama mshindi.

Nyawira alikuwa ameinama juu ya mabega yetu. "Minus imeenda wapi?"

"Minus gani?"

"Mstari wa tatu. Mlikuwa nayo, mkaiacha." Akachukua kalamu, akairudisha, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka mwisho. "Haiya! Kumbe ni hii tu?"

Hapo ndipo Simiti aliposoma maneno yaliyokuwa juu ya hesabu. "Ngai! Wasee, hii ni fomu."

Sababu za kuhama zilikuwa zimejaa integration mbele na nyuma. Saa ilikuwa kumi na dakika arobaini. Sapu akaruka kwenye pikipiki, akaiwasha. "Panda, Nyawira! Dakika saba tuko hapo, uombe ingine!"

Nyawira akaigeuza ile fomu mbele na nyuma. Nikajikuta nimesimama, utadhani ninayehama ni mimi.

"Swali la pili linafanana na hili," akasema. Akaketi. "Zima pikipiki."

Rachael akafika na mtungi wa maziwa, akatukuta vichwa vinne juu ya karatasi moja. "Mnafanya nini na mtoto wangu?"

"Tunamsomesha," Simiti akajibu.

"Nyinyi?" Ilibidi aweke mtungi chini ili acheke vizuri.

"Hapana, Mum," Nyawira akasema bila kuinua macho. "Ni mimi nawasomesha. Sapu, sogea uone."

Tukasogea wote watatu.